Sauti Iliyohamia Chumba cha Ndani

Kwetu Kisugu, hapa Kampala, simu hurithiwa kwa kupanda, si kwa kushuka. Mtoto akinunua mpya, ya zamani humpa baba. Ya baba humwendea mama. Ya mama huishia kwa shangazi, ambaye huizungushia mpira ili betri isichomoke. Ndiyo maana simu anayotumia baba yangu leo kuuzia mapazia ya mitumba pale soko la Owino ilikuwa yangu miaka yote ya chuo kikuu. Kabla ya kumkabidhi nilifuta picha, nikafuta ujumbe, nikafuta kila kilichoonyesha kwamba niliwahi kuishi ndani yake. Simu ikanisahau kabisa. Masikio yangu tu ndiyo haikuyasahau.

Nasema juu ya vipokea sauti vyangu, vile vidogo vya kuchomeka sikioni, visivyo na waya, ambavyo nyumbani kila mtu huviita vidude. Siku niliyovinunua, muuzaji alivisifu kwamba vinaweza kuungana na vifaa viwili kwa pamoja, na kwamba vina akili ya kujua lini viache hiki viende kile. Nilimwuliza vinajuaje. Akasema vinajua tu. Nikamwuliza kama vitajua ninachotaka mimi au vitajua ni kifaa gani kimepiga kelele. Akanitazama kama mteja anayetafuta ugomvi, akanipunguzia bei.

Jibu nililipata mwenyewe, nyumbani.

Kazi yangu ni kusikiliza. Watafiti hurekodi mahojiano kwa Kiswahili, na madereva wa malori, na wakimbizi waliotoka Kongo, na wanawake wanaovuka mipaka na bidhaa, kisha hunitumia sauti hizo nami naziandika neno kwa neno. Nilisoma Kiswahili chuoni wakati wenzangu wakinicheka kwamba Kampala hii Kiswahili ni lugha ya askari. Sasa ndicho kinachonilisha. Na katika kazi hii kuna sheria moja niliyoipenda tangu siku ya kwanza. Mtu akiulizwa swali asijibu, huandiki kwamba amekubali, huandiki kwamba amekataa, wala huandiki kwamba ameona haya. Unafungua mabano, unaandika "kimya", unafunga mabano, unaendelea. Hujui kilichokuwa ndani ya ule ukimya, na hulipwi kubuni.

Basi fikiria nimekaa mezani asubuhi, kabla baba hajaenda sokoni, mama mmoja kwenye rekodi anaeleza jinsi alivyopotezana na dada yake barabarani. Sauti yake inashuka, naegemea mbele, na mara kunalia kengele ndogo sikioni, na badala ya yule mama namsikia mwanamume wa Bunia, kule Kongo, akiuliza, "Mzee, yale mapazia ya maua ya bluu bado yako?" Vidude vimehamia simu ya baba, kwa sababu simu ya baba imepigiwa. Kule barazani baba anapaza sauti, "Haloo? Haloo?" wala hasikii kitu, kwa kuwa mteja wake yuko kichwani mwangu. Na kwenye kompyuta yule mama anaendelea kusimulia habari za dada yake, na hakuna anayemsikiliza.

Ilinikera zaidi ya inavyostahili, najua. Navitoa, navirudisha, nabonyeza hapa na pale, navirejesha kwenye kompyuta, na kabla sijamaliza sentensi simu yangu mwenyewe inapokea ujumbe kutoka kundi la ukoo, vidude vinakimbilia huko. Nilikuwa na vyombo vitatu na masikio mawili, na hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivyo kilichowahi kuniuliza nasikiliza nini.

"Hii simu yako iko na jini," baba alisema siku moja, akiileta mezani kwangu ameishika kwa vidole viwili. Baba husema Kiswahili cha Owino, kile cha kuuziana vitu, ambacho hakina muda wa mapambo.

"Si jini, baba. Unakubali kuunganisha. Nikifungua kile kikopo cha vidude, simu yako inakuuliza kama uviunganishe, nawe unakubali."

"Ndiyo. Inaniuliza, mimi nakubali."

"Kwa nini unakubali?"

"Sasa nitakataa kwa nini? Mimi nataka kugombana na simu?"

Nilimfutia. Vilirudi. Nikamfutia tena, nikamwonyesha neno la kukataa liko upande gani, akaitikia kwa kichwa kwa makini kabisa, ndiyo, ndiyo, nimeona. Kesho yake asubuhi nikafungua kikopo, na mwanamume wa Bunia akaniamkia.

Baba yangu ndivyo alivyo, na si kwa simu tu. Wateja huomba bei, anakubali. Jirani huomba kuegesha pikipiki barazani kwetu, anakubali, na sasa barazani kuna pikipiki ambazo hatujui za nani. Babu zake waliletwa nchi hii kutoka Sudan wakiwa wamevaa sare za mkoloni, na mimi huwa najiuliza kama ule "ndiyo" ni mabaki ya ile sare au ni tabia yake tu. Nilimwuliza. Akasema, "Ndiyo, inaweza kuwa."

Kuna habari nyingine ya nyumbani kwetu ambayo lazima niieleze hapa, nayo ni ya shangazi. Shangazi ni dada wa baba, mjane, tunaishi naye. Husimulia mara nyingi, kwa kuchekesha, jinsi alivyoozwa. Wazee walipokuja kumwuliza kama amemkubali mume, walimkuta jikoni anaonja kisra, ile mikate myembamba ya kwetu, na kipande kilikuwa kinywani. Alinyamaza kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa. Mzee mmoja akasema kimya ni ridhaa, wakarudi sebuleni, wakasoma Fatiha.

Nilipokuwa mtoto nilicheka kama wengine. Nilipoanza kazi ya kuandika ukimya wa watu kwenye mabano, nilimwuliza, "Shangazi, na kama wangesubiri, ungesema nini?"

Alifikiri kidogo. "Sijui, mwanangu. Hakuna aliyesubiri nimeze."

Aliishi na mume huyo mpaka kifo, akamzalia watoto, akamlilia kweli. Hilo ndilo lililonisumbua. Kama angekuwa ameteswa ningejua la kufikiri. Lakini yeye mwenyewe hadi leo hajui kama alikubali.

Kijana aliyetaka kunioa nilimtaka pia, hilo niliseme wazi. Tulisoma wote. Watu wake ni wa zile familia ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani wakabaki, na hadi leo wana duka la vitambaa, kanzu na mikeka ya kusalia kule Kyebando, na Kiswahili chao kimenyooka hata wakigombana. Mama yake ndiye nguzo ya duka. Kwao mke wa mtoto wa kiume hukaa dukani asubuhi pamoja na mama mkwe. Si adhabu, ni heshima. Yeye mwenyewe alianza hivyo, na mama mkwe wake pia. Lakini asubuhi ndiyo saa yangu ya kazi. Mchana mtaa wetu hauna ukimya wa kusikilizia mtu analia kwa sauti ya chini.

Nilimwambia mchumba wangu. Akasema yeye hana neno.

"Basi waambie kwenu," nikamwambia.

"Nikiwaambia mimi watasema ni maneno ya mtu aliyependa. Lisemwe na wazee wako mbele ya wazee wangu."

"Na lisiposemwa?"

"Lisiposemwa siku ya posa, halijasemwa. Hutaweza kulianzisha baadaye."

Niliona upuuzi mtupu, watu wazima kugawana maisha ya mtu kwa yale tu yaliyotamkwa alasiri moja sebuleni. Lakini nilijua anasema kweli. Nikaenda kwa baba. Akasikiliza yote, akasema, "Ndiyo, ndiyo, asubuhi ni yako." Nilimshukuru, nami nilijua kwamba wageni wakimwomba kinyume chake atawaambia ndiyo wao pia.

Aliyebaki ni baba mkubwa. Yeye huishi Nairobi, aliendesha malori maisha yake yote, na katika posa za ukoo wetu ndiye msemaji. Nilimtumia ujumbe wa sauti, mrefu, nikaeleza kazi yangu, nikaeleza duka, nikamwomba alitamke hilo kama sharti. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, maneno mawili tu: "Nimekusikia, binti." Niliurudia ujumbe huo mara nyingi kama ninavyorudia rekodi mbovu. Alikuwa amenisikia. Hakusema zaidi ya hapo, wala mimi sikuwa na ruhusa ya kuongeza.

Jumapili ya posa goti la baba mkubwa likamkatalia safari. Ikaamuliwa atasema kwa simu, tena simu ya baba, ndiyo yenye spika nzuri. Baba aliiweka ndani ya kikombe kikubwa cha bati ili sauti ivume, akakisimamisha juu ya kigoda katikati ya sebule, akakitandikia kitambaa cha maua. Wazee wa Kyebando walikaa upande mmoja, wetu upande mwingine, na kikombe katikati kama mgeni rasmi.

Mimi nilikuwa chumba cha ndani pamoja na mama na shangazi, nyuma ya pazia. Msichana anayeposwa hakai mbele ya watu, na hasemi. Akiulizwa jambo, mmoja wa kina mama hulibeba neno ndani, hulitoa nje. Nilikuwa nimeuliza zamani kwa nini, nikaambiwa ni haya. Nikauliza haya ya nani, nikaambiwa ninyamaze, nitachelewesha chai.

Mwanzo baba mkubwa alisikika vizuri kabisa. Sauti yake ilitoka kikombeni imenenepa, akawasalimu wageni, akawaombea marehemu wao, akauliza barabara ya kwenda Kyebando siku hizi ikoje, akaingia kwenye mahari na kutoka kwa heshima. Nilihesabu mada zikipungua. Kila alipovuta pumzi nilidhani sasa, na kila mara alifungua jambo jingine. Nikaanza kuona kwamba hatalisema. Nikaona kwamba "nimekusikia" yake ilikuwa ndugu na "ndiyo" ya baba.

Shangazi alikuwa amefunua pazia kwa kidole kimoja. "Yule mwenye kofia ya kijivu amechukua sambusa tena," alinong'ona. "Huyo hakuja kuposa, alikuja kula."

"Acha, watasikia," mama alisema.

Sikuweza kukaa. Mimi ninapohangaika hutafuta kitu cha kusikiliza. Nilikuwa na rekodi ya kazi kwenye simu yangu, mzee wa Arua anayeeleza jinsi ya kupakia mihogo kwenye lori, sauti tulivu kama mtu anayepanga mawe. Nikatoa kikopo mfukoni, nikakifungua, nikachomeka kidude kimoja chini ya mtandio, sikio la upande wa ukuta.

Kule sebuleni, ndani ya kikombe cha bati, simu ya baba iliuliza swali lake la kila siku. Na baba, mbele ya wageni, aliinama akakubali. Sikumwona, lakini ninajua, kwa sababu kengele ndogo ililia sikioni mwangu na sauti iliyofuata haikuwa ya mzee wa Arua.

"…basi ya mahari tumeyamaliza kwa heri," baba mkubwa alisema, ndani ya sikio langu la kushoto. "Sasa liko neno moja. Si langu, ni la binti. Mimi nimepewa nilibebe, nami nalibeba kama nilivyopewa."

Nilishika ukingo wa kitanda.

"Huyu binti ana kazi. Kazi yenyewe ni kusikiliza watu wakisema, na kuandika walichosema. Mimi sijaielewa sana. Nimesikiliza redio ndani ya lori tangu ujana na hakuna aliyenilipa. Lakini yeye anasema ni kazi, na mimi nimemsikia. Na mdogo wangu hapo mnamjua, hawezi kumwambia neno gumu mtu aliyekunywa chai yake. Kwa hiyo nasema mimi. Aendelee na kazi yake. Asubuhi zake ziwe zake. Dukani aje akipenda, si kwa kuitwa. Hilo ndilo neno, wazee. Nangoja jibu."

Alikuwa amelisema. Alilisema vizuri kuliko mimi, na hakuna aliyelisikia ila mimi.

Kwa sikio la kulia, kupitia pazia, nilisikia baba akigonga kikombe kwa kucha. "Haloo? Kaka? Haloo?"

"Mtandao huo," alisema mtu.

"Yule wa sambusa sasa anafuta mikono kwenye kitambaa cha kigoda," alinong'ona shangazi.

"Nani huyo?" baba mkubwa aliuliza sikioni mwangu. "Nimeuliza habari ya kazi, naletewa habari ya sambusa?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Sauti ilipohama, na maikrofoni ilihama nayo. Baba mkubwa hakuwa akiwasikia wazee tena. Alikuwa anasikia chumba cha ndani. Shangazi akanyamaza, mama akanyamaza, mimi nilikuwa sipumui. Kule Nairobi baba mkubwa alisubiri jibu, akapata ukimya wetu.

"Haya," alisema baada ya muda, kwa sauti ya mtu aliyeridhika. "Kimya ni ridhaa. Nawashukuru, wazee wangu."

Na upande wa pili wa pazia, karibu sawia naye, mmoja wa wazee wa Kyebando, mwalimu wa madrasa, alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Mkubwa wetu amenyamaza. Ameshamaliza mahari, hana la kuongeza. Kimya ni ridhaa. Tunyanyueni mikono."

Nilikaa katikati ya hayo mawili. Hakuna aliyedanganya. Baba mkubwa angeapa mbele ya yeyote kwamba sharti lilitajwa na halikupingwa. Mwalimu wa madrasa angeapa kwamba hakuna sharti lililotajwa. Kila upande ulikuwa umechukua ukimya wa mwenzake ukaandika ndani yake ulichokitaka.

Na nitasema ukweli, lilinijia wazo kwamba ingenifaa. Ningenyamaza tu. Fatiha ingesomwa, na siku ya kuitwa dukani ningempigia baba mkubwa, naye angekuja na goti lake na kiapo chake cha kweli. Lakini nilijua ningekaa kwenye ndoa hiyo kama shangazi alivyokaa kwenye yake, nisijue kama nilikubaliwa au la. Mimi ambaye kila siku huwafungia wengine ukimya wao kwenye mabano ili mtu asiuchezee.

Nikainamisha kichwa ndani ya mtandio. "Baba mkubwa," nikanong'ona.

Mama aligeuka haraka. Shangazi aliachia pazia.

"Nani?" alisema baba mkubwa.

"Ni mimi. Hawajakusikia. Sauti yako imehamia kwangu."

"Kwako wapi? Wewe si uko ndani?"

"Ndiyo, niko ndani. Nawe uko ndani. Ni vile vidude vya masikioni. Wao wanasikia kimya. Wanataka kusoma Fatiha."

Kisha akauliza, taratibu, "Kwa hiyo ule ukimya niliopewa ulikuwa wa nani?"

"Wetu. Mimi, mama na shangazi."

"Shangazi ndiye mwenye habari za sambusa."

"Ndiyo."

"Nirudishe sebuleni, binti," alisema. "Upesi."

Nilichomoa kidude, nikakitia ndani ya kikopo, nikakifunga. Mwalimu alikuwa ameshafika kwenye bismillahi. Kikombe cha bati kikavuma.

"Wazee, shusheni mikono."

Nasikia baadhi yao waliruka.

"Mtandao umetuchezea," baba mkubwa aliendelea, wala hakunitaja, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. "Nimesema neno, halikufika. Nalirudia. Na mara hii jibu nataka la mdomo. Ukimya wa leo siupokei, umenichosha."

Akalirudia, kazi, asubuhi, duka, hata ile habari ya redio ndani ya lori, na safari hii wazee walicheka kidogo. Kisha hawakucheka. Nilisikia viti vikilia. Mwalimu wa madrasa alizungumza kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha.

"Tumesikia. Na kazi ni jambo jema, hatulikatai. Tuseme hivi, mzee mwenzangu," na nilijua anamgeukia baba, si kikombe. "Binti afanye kazi yake, lakini asubuhi akae na mama mkwe wake dukani kama ilivyo ada. Kazi ataifanya jioni. Hapo kila mtu amepata chake. Tumekubaliana?"

Ulikuwa umepangwa kwa ustadi, ule mtego, hata kama hakukusudia mtego. Nilifumba macho. Ningeweza kuandika jibu la baba kabla hajalitoa, nimeliandika maisha yangu yote.

Baba hakujibu.

Ukapita muda. Mtu akakohoa. Mwalimu, kwa sauti yenye tabasamu, akaanza, "Basi kimya ni…"

"Ngoja nimeze," baba alisema.

Shangazi, kando yangu, aliweka kiganja mdomoni.

Tulimsikia baba akitafuna sambusa yake bila haraka, akaimeza, akanywa chai juu yake. "Hapana," alisema. "Asubuhi ndiyo anafanya hii kazi. Mimi namuona. Mimi napita hapo nikienda soko, ameinama hivi, hata nikimsalimia hasikii. Jioni huku kuna kelele ya pikipiki. Asubuhi ni yake. Kama haiwezekani, tunywe chai, tuagane vizuri, hatukasirikiani."

Sijui kama alipanga kusema hivyo. Nilipomwuliza baadaye alisema swali lilikuwa refu, akaona alisome kwanza.

Wazee wa Kyebando waliomba ruhusa watoke barazani wakampigie mama wa kijana, kwani duka ni lake. Tuliwasikia wakitembea kati ya pikipiki za watu tusiowajua. Baba mkubwa alibaki kikombeni akiuliza kama sambusa zimebaki. Mama alinikazia macho, akatazama kikopo mkononi mwangu, akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani alikuwa anatafuta jina la kosa langu asilipate, kwa sababu nilikuwa nimekaa palepale nilipoambiwa nikae.

Waliporudi, mwalimu alisema kwa mdomo, kama alivyotakiwa, kwamba mama wa kijana amekubali asubuhi zote ziwe zangu. Ila naye ana neno lake, na analiomba liulizwe kwa binti mwenyewe, si kwa baba wala kwa Nairobi. Ijumaa duka hujaa watu wa kununua kanzu, na miguu yake siku hizi inavimba. Anaomba Ijumaa nimsaidie.

Mama alitoka, akalipokea neno mlangoni, akaliingiza ndani kama desturi inavyotaka. Alisimama mbele yangu. "Umesikia. Ijumaa. Unasemaje?"

Ajabu ni kwamba nilipoulizwa hatimaye, mimi, kwa jina la nafsi yangu, sikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na mwanamke mwenye miguu iliyovimba alikuwa ameniomba msaada. Nilijiuliza kama Ijumaa itazaa Jumamosi. Nilijiuliza kama ninasita kwa sababu ya kazi au kwa kiburi tu. Nje sebule yote ilikuwa imetulia, kikombe nacho kimetulia.

"Naona ananyamaza," mama alisema, akigeuza mguu kuelekea pazia. "Niwaambie…"

Shangazi alimshika mkono. "Mwache ameze," alisema.

Mama akasimama. Wakasubiri wote, wa ndani na wa nje, na mimi nikachukua muda wangu wote, mpaka nikajua ninachotaka kusema.

"Ijumaa ndiyo," nikasema. "Kuanzia mchana, baada ya swala."

Mama alilitoa neno nje, bila kuongeza wala kupunguza. Wakanyanyua mikono.